Uji na Mazungumzo: Kipimo cha Ubora wa Vituo vya Kulelea Watoto Ufipa

Mkoa wa Rukwa umelisha wengine kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980 ulihesabiwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, kuwa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini Tanzania, na mpaka leo magunia yanayopakiwa Sumbawanga huishia majikoni mbali kabisa na uwanda wa Ufipa, ulio ndani ya mkoa huo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliwakuta asilimia 56 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 34. Utafiti wa 2022 ulionyesha nafuu, lakini bado ilikuwa karibu nusu ya watoto. Mjadala wa ubora wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ukifanyika Ufipa bila kuanzia hapo, utakuwa unaelea.

Hoja ninayoitetea ni kwamba kituo cha Ufipa kipimwe kwanza kwa mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja: mtoto anakula nini, na mlezi anazungumza naye nini wakati anakula. Uzio, sare, picha za rangi ukutani na hata madawati yana nafasi yake, ila nafasi hiyo ni ya pili.

Tuanze na sababu ya udumavu wenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini vituo vinahitajika. Mvua huanza Novemba, na kuanzia hapo mpaka palizi iishe mama Mfipa hana siku yake. Hutoka alfajiri, kitoto kikiwa mgongoni, au kikibaki nyumbani na dada yake ambaye mwenyewe bado ni mtoto, pamoja na sufuria ya uji wa mahindi. Mtoto wa mwaka mmoja anatakiwa alishwe mara tatu au nne kwa siku, mbali na vitafunio na ziwa la mama. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi humjaza maji kabla haujampa nguvu. Karanga zimo ndani, maharage yamo, na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanauzwa sokoni. Anayekosekana ni mtu mzima mwenye nafasi ya kukaa chini, kuponda, kuchanganya na kulisha taratibu. Kilichopungua Ufipa si chakula ghalani, ni muda wa mama. Hapo ndipo kituo cha malezi kinapopata sababu ya kuwapo kijijini, sababu nzito kuliko ile ya mjini ya kumtayarisha mtoto kwa usaili wa darasa la kwanza.

Lakini chakula peke yake hakitoshi, na ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka Kingston, Jamaica. Mwaka 1991 Sally Grantham-McGregor na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu watoto 129 waliodumaa. Wengine walipewa nyongeza ya lishe. Wengine walitembelewa nyumbani kila wiki na mhudumu wa afya wa jamii aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe. Wengine walipata vyote. Wengine hawakupata kitu. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta tena. Waliokuwa wamepata michezo na mazungumzo walikuwa na kipato kikubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakupata. Lishe ya nyongeza bila mazungumzo haikuacha alama ya kudumu kiasi hicho. Wahudumu wale hawakuwa wasomi wakubwa, na vifaa vyao vilitengenezwa kwa vitu vya nyumbani.

Tuiangalie sasa asubuhi ya kawaida katika chumba chenye watoto 30 na mlezi mmoja. Ni Julai, baridi ya Ufipa inauma, watoto wamejikunyata kwenye mkeka wakiwa na masweta. Saa nne uji unagawiwa. Katika kituo cha kwanza watoto wanaamriwa kufunga midomo. Vikombe vinapita, vinakusanywa, kisha wote wanarudi kuimba a, e, i, o, u na kunakili namba ubaoni. Katika kituo cha pili mlezi anakaa mkekani. Anamwuliza mmoja uji wa leo una nini ndani. Mtoto anasema karanga. Anamwuliza nani alizitwanga, na mtoto, ambaye Kiswahili chake bado kinachechemea, anajibu kwa Kifipa kwamba ni bibi. Mlezi anaipokea sentensi ile, anairudisha kwa Kiswahili ikiwa ndefu kidogo, kisha anamgeukia jirani yake. Vituo vyote viwili vimelisha, na gharama ni ileile. Kimoja tu ndicho kilichofundisha.

Fomu za ukaguzi haziioni tofauti hiyo kwa urahisi, kwa sababu hupenda kuhesabu kilichotulia: matundu ya choo, madirisha, ukubwa wa chumba, cheti cha mlezi. Sisemi vitu hivyo ni anasa. Choo kibovu kinaua. Ila vipo vipimo vinavyotazama mwenendo. Kile kilichotungwa na Thelma Harms na Richard Clifford kule North Carolina mwaka 1980 humtaka mkaguzi akae chumbani kwa saa kadhaa, kisha atoe alama kuanzia 1 hadi 7 kwa mambo mbalimbali, yakiwamo jinsi watu wazima wanavyoishi na watoto. Kilitumika Afrika Mashariki katika kuzitathmini shule za awali za Madrasa, mpango ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Mtandao wa Aga Khan, ukaenea Zanzibar na Uganda. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha mwaka 2008 kwamba watoto wa shule hizo waliendelea zaidi kiakili kuliko wa shule nyingine za awali, na wote waliwapita waliobaki nyumbani. Walimu wa Madrasa walikuwa wanawake wa mitaa ileile, waliofunzwa kwa muda mfupi na kufuatiliwa kazini, na vifaa vyao vilikuwa vifuu na vizibo vya chupa. Ufipa ina magunzi na maharage ya kila rangi.

Kuna atakayesema malezi nje ya nyumba ya wazazi ni jambo la kuazima. Historia inakataa. Mwanahistoria Kathleen Smythe, aliyechunguza familia za Kifipa za Nkansi, ameeleza jinsi mtoto alivyohamia kulala kwa bibi yake baada ya kuachishwa ziwa, na jinsi sehemu kubwa ya mafunzo yake ilivyopitia huko, katika hadithi na maongezi ya usiku. Bibi yule hakuwa na mtaala, lakini alikuwa na vitu viwili ambavyo vituo vingi vya leo havina: watoto wachache na lugha yao. Kwa hiyo mlezi anayejua Kifipa asionekane ana upungufu. Huko vijijini, yeye ndiye mwenye sifa. Wazazi wa mjini wanaolipia Kiingereza cha kukariri kwa mtoto wa miaka mitatu hawatanipenda kwa kusema hivi, na nawaelewa. Wananunua wanachokiona, na nyimbo za Kiingereza zinasikika mpaka barabarani.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko ofisini. Kituo cha mchana kinasimamiwa na Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya vituo hivyo ya 1981. Darasa la awali liko chini ya wadhibiti ubora wa elimu. Uji uko kwa afisa lishe. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilikusudiwa kuwaunganisha hawa, na kwenye karatasi imefanya hivyo. Kwenye mkeka, kila mmoja bado anakuja na fomu yake siku yake.

Halmashauri zimekwisha kuagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Ni fedha ndogo, na ikigawanywa kwa semina na mafuta ya gari haionekani. Rukwa ingeweza kuielekeza sehemu yake kwenye vituo vya msimu vijijini, kuanzia Novemba hadi Machi, vinavyopokea watoto tangu miezi 12 badala ya kusubiri miaka mitatu, wakati udumavu umeshafanya kazi yake. Kila kaya ichangie karanga na maharage, na fedha ya halmashauri imlipe mlezi, kwa sababu mlezi asiyelipwa naye ana shamba, na mvua ikinyesha atakwenda kulima.