Kikapu kama Ushahidi: Kituo cha Camp Coorong na Historia ya Wangarrindjeri

Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kuanza na nyaraka. Insha hii inaanza na kikapu, kwa sababu mtu anayetegemea vitabu peke yake anaweza kuwahesabu Wangarrindjeri wa Australia Kusini kuwa watu wa zamani. Kitabu kikubwa kilichoandikwa juu yao na Ronald na Catherine Berndt, kilichotoka mwaka 1993, hata katika jina lake kinazungumzia dunia iliyokuwapo. Mwaka huo huo wanawake wa jamii hiyo walikuwa wakisuka na kuwafundisha wageni.

Wangarrindjeri ni wenyeji wa mdomo wa mto Murray na wa Coorong, wangwa mrefu uliotengwa na bahari kwa vilima vya mchanga. Mwaka 1859 mmisionari George Taplin alianzisha misheni ya Point McLeay, ambayo leo inaitwa Raukkan, na watoto wakawekwa bwenini. Sheria ya mwaka 1911 ikampa ofisa mmoja wa serikali ulezi wa kila mtoto wa Kiaborijini katika jimbo zima. Bibi asiyekuwa na mamlaka juu ya mjukuu wake angemfundisha lini kusuka?

Ususi haukufa, lakini mikono ilipungua. Katika miaka ya 1930 mzee Milerum alifanya kazi na mtafiti Norman Tindale wa makumbusho ya Adelaide, na vikapu vikahifadhiwa humo kama mabaki. Kwa maoni yangu tukio kubwa zaidi ni la mwaka 1982, ingawa ni dogo kwa sura. Dorothy Kartinyeri, mwanamke mzee ambaye watu wake walimwita shangazi kwa heshima, aliongoza warsha ya ususi. Miongoni mwa waliojifunza kwake walikuwamo Ellen Trevorrow na Yvonne Koolmatrie. Miaka 15 baadaye kazi za Koolmatrie ziliiwakilisha Australia katika maonyesho ya sanaa ya Venice.

Ellen Trevorrow alibaki nyumbani. Mwaka 1985 Wangarrindjeri walifungua Camp Coorong karibu na mji wa Meningie, kituo cha elimu ya utamaduni na mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali. Kwa miaka mingi wanafunzi wa shule na wa vyuo vikuu walilala pale, wakatembezwa porini na kuonyeshwa makumbusho madogo ya jamii, kisha wakaketi kusuka. Msomaji aliyezoea ukili asifikiri ni kazi ile ile. Hapa hakuna mkanda unaosukwa kwanza na kushonwa baadaye. Mmea ni wa jamii ya ndago. Hukatwa, hukaushwa, hulowanishwa ulainike. Fungu la majani huzungushwa kutoka katikati, na kila mzunguko hushonwa kwenye ule uliotangulia. Wasusi hueleza kwamba duara la kwanza ni familia, na yanayofuata ni ukoo unaopanuka. Mgeni anajifunza nasaba huku akidhani anajifunza kikapu.

Thamani ya mafunzo ya namna hiyo ilipimwa kwa ukali katika mgogoro wa daraja la kisiwa cha Hindmarsh. Baadhi ya wanawake walipinga daraja hilo kwa misingi ya elimu takatifu ya wanawake. Wengine wa jamii hiyo hiyo wakakana kuifahamu. Mwaka 1995 tume ya serikali ya jimbo iliamua kwamba imani hiyo ilibuniwa, na hoja moja ilikuwa kwamba watafiti wa awali hawakuiandika. Lakini elimu inayokabidhiwa kwa watu wachache tu, tena kwa siri, ingefikaje katika daftari la mtafiti? Mwaka 2001 daraja lilifunguliwa, na mwezi Agosti mwaka huo jaji wa mahakama ya shirikisho, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na waendelezaji, alisema hakushawishika kwamba imani hiyo ilibuniwa. Mwaka 2010 serikali ya jimbo nayo ikaukubali msimamo huo. Magari yalikuwa yamekwisha kuvuka kwa miaka 9.