Miili ya Watu Ndani ya Mashine: Habari za Pit-Fighter

Mwaka 1990 kampuni ya Atari Games ya Marekani ilitoa mchezo wa vidio ulioitwa Pit-Fighter. Michezo ya namna hiyo ilikuwa ikikaa ndani ya makabati makubwa yenye kioo kama cha televisheni, mipini ya kuelekeza na vitufe vya kubonyeza. Makabati hayo yaliwekwa katika kumbi za burudani, na mtu alitumbukiza sarafu ndipo akacheza. Pit-Fighter haukumbukwi na wengi siku hizi, na aghalabu wanaoukumbuka huutaja kwa kuucheka. Walakini, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mchezo huu ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya mapigano kuonyesha watu halisi badala ya watu wa kuchorwa, nao ulitangulia kuonyesha jambo ambalo baadaye lilifika mbele ya mahakimu: mtu akiipa mashine sura ya mwili wake, kinachobaki kuwa chake ni nini?

Kabla ya hapo wapiganaji wa kwenye kioo walichorwa kwa mkono, nukta kwa nukta. Wako wachoraji waliotafuta msaada wa kamera. Jordan Mechner, alipotengeneza Karateka uliotoka mwaka 1984, alimpiga filamu mwalimu wake wa karate, kisha akafuatisha mistari ya mwili wake ili mwendo uwe wa kweli. Hata hivyo kilichoonekana mwishoni kilikuwa bado ni mchoro. Huko Japani nako, mwaka 1988, kampuni ya Home Data ilitoa mchezo wa mapigano uitwao Reikai Doushi, ambamo wapiganaji walikuwa vinyago vilivyopigwa picha.

Watengenezaji wa Pit-Fighter walikwenda mbele zaidi. Waliwasimamisha waigizaji mbele ya pazia la buluu, wakawapiga picha kwa kamera ya vidio huku wakirusha ngumi na mateke. Rangi ya buluu iliondolewa, ukabaki mwili peke yake. Kisha kila picha iligeuzwa kuwa tarakimu, maana kompyuta haijui uso wala mkono, bali hujua hesabu tu. Kila nukta ya picha hupewa namba ya rangi yake, na kwa mpangilio wa namba hizo mashine huweza kuirudisha picha kiooni, kuikuza au kuipunguza. Ndipo mchezaji, kwa kusukuma mpini na kubonyeza kitufe, alipoweza kumwamuru mtu wa kweli apige teke.

Wapiganaji wa kuchagua walikuwa watatu: Buzz mwanamieleka, Ty bingwa wa ngumi na mateke, na Kato mwanakarate. Watu watatu waliweza kucheza kwa pamoja. Mapigano yalifanyika katika maficho, yamezungukwa na umati wa watazamaji, na visu, fimbo na mapipa vilitumika kama silaha. Wenye miili hiyo walikuwa Bill Chase, Marc Williams na Glenn Fratticelli. Waliocheza mchezo huo waliyajua majina ya Buzz, Ty na Kato. Ni wachache mno waliojua yale mengine.

Je, kwa nini mchezo wenye watu halisi uonekane kuwa na uhai mdogo kuliko mchoro? Sababu moja ni nafasi. Kila picha ilikula sehemu ya kumbukumbu ya mashine, na kwa hiyo hapakuwa na budi kuchagua picha chache, na mwili ukawa kama unaruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine. Sababu ya pili ni ya sanaa. Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II, ambao wapiganaji wake wote walichorwa, nao ulipendwa duniani kote. Mchoraji huchagua la kukuza na la kuacha: hulivuta bega nyuma kupita kiasi, huupinda mgongo, na mtazamaji akaona uzito wa pigo kabla halijafika. Kamera huchukua kila kitu kwa usawa. Kufanana na mtu, basi, si sawa na kuwa na uhai.

Hata hivyo njia iliyofunguliwa haikufungwa. Mwaka 1992 kampuni ya Midway ya Chicago ilitoa Mortal Kombat, ulioongozwa na Ed Boon na John Tobias. Nao ulitumia waigizaji waliopigwa vidio, lakini kwa ustadi zaidi, na ukapata umaarufu mkubwa. Mmoja wa waigizaji hao, Daniel Pesina, aliigiza Johnny Cage. Na mwili wake huohuo ukiwa umefunikwa barakoa ukatumika kwa Scorpion na Sub-Zero, tofauti yao kubwa ikiwa ni rangi ya nguo. Umbo moja la mwenye barakoa likazaa zaidi ya mpiganaji mmoja kwa kubadilishwa namba za rangi tu.

Mchezo ulipotolewa pia kwa mashine za kuchezea nyumbani, baadhi ya waigizaji walidai kwamba sura zao zilitumiwa kupita mapatano. Pesina alishtaki, akashindwa mwaka 1996 mbele ya mahakama ya shirikisho huko Illinois. Mahakama iliona kwamba picha zake zilikuwa zimebadilishwa mno, na katika uchunguzi uliowahusisha wachezaji 306, ni asilimia 6 tu waliomtambua kuwa ndiye Johnny Cage. Mwaka 1997 Philip Ahn, Elizabeth Malecki na Katalin Zamiar nao walishindwa, kwani walikuwa wamekubali kupigwa vidio, na kazi iliyonaswa ikawa chini ya sheria ya hakimiliki, wala wao hawakuhesabiwa kuwa watunzi wake. Tazama jinsi lilivyo: mamilioni waliujua mwili wa Pesina, na kutojulikana kwake mwenyewe kukawa hoja dhidi yake.

Mtindo huo haukudumu. Michezo yenye maumbo ya pande tatu, kama Virtua Fighter wa mwaka 1993, ilileta njia nyingine, na Mortal Kombat wenyewe uliihamia mwaka 1997. Lakini swali halikuondoka, maana leo kompyuta huweza kuiga hata sauti ya mtu na uso wake.

Nasi walimu wa lugha hatuko mbali na jambo hili. Tunapokwenda vijijini na kinasa sauti, tukamnasa bibi anayesimulia ngano au manju anayeongoza ngoma, sisi nasi tunachukua sehemu ya mtu na kuiweka ndani ya mashine. Yafaa tumweleze kwanza itatumikaje, tuandike jina lake mbele ya majina yetu, na kazi ikichapishwa tumpelekee nakala. Ngano itasomwa darasani miaka mingi. Na mwanafunzi akiuliza ni nani aliyeisimulia, mwalimu awe na jibu.