John Montagu, Earl wa Nne wa Sandwich

John Montagu (13 Novemba 1718 – 30 Aprili 1792) alikuwa kabaila na mwanasiasa wa Uingereza aliyeshika mara tatu uongozi wa Admiralty, ofisi iliyosimamia jeshi la majini. Dunia inamkumbuka zaidi kwa mkate wenye nyama katikati.

Baba yake alifariki mapema, hivyo mwaka 1729 alirithi cheo kutoka kwa babu yake, akiwa na miaka 10. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko mali iliyoambatana nacho. Kwake mshahara wa serikali ulikuwa riziki, si mapambo. Alisoma Eton na Cambridge, akazuru Ugiriki, Uturuki na Misri, kisha akawa mmoja wa wajumbe wa Uingereza kwenye mkataba wa Aix-la-Chapelle wa 1748. Mwaka huohuo alikabidhiwa Admiralty kwa mara ya kwanza.

Jina lake lilichafuka Novemba 1763, aliposoma mbele ya Baraza la Malodi shairi la matusi lililohusishwa na John Wilkes, mpinzani wa serikali, ili kumwangamiza. Wawili hao walikuwa wamewahi kustarehe pamoja, na umma ukaona unafiki mtupu. Akabandikwa jina la “Jemmy Twitcher”, msaliti katika mchezo wa John Gay.

Kipindi chake kirefu Admiralty, 1771 hadi 1782, kiliangukia kwenye vita vya uhuru wa Marekani. Ufaransa ilipojiunga na waasi mwaka 1778, na Hispania mwaka uliofuata, meli hazikutosha kulinda kila bahari. Wapinzani walidai ofisi yake imeoza kwa rushwa na uzembe. Walizidisha chumvi: alikagua mwenyewe viwanda vya meli, na chini yake meli nyingi za kivita zilifunikwa mabamba ya shaba sehemu inayozama, zisitobolewe na wadudu wa baharini na ziende kasi. Alikosa, hata hivyo, imani ya maofisa wengi, hasa baada ya ugomvi wa maamiri Keppel na Palliser. Aliondoka Machi 1782, serikali ya Lord North ilipoanguka.

Montagu alimuunga mkono nahodha James Cook, ambaye aliviita Visiwa vya Sandwich vile ambavyo leo ni Hawaii.

Baada ya kutengana na mkewe Dorothy, aliishi miaka mingi na mwimbaji Martha Ray, akazaa naye watoto, akiwamo mwanasheria Basil Montagu. Tarehe 7 Aprili 1779 Martha alipigwa risasi nje ya ukumbi wa Covent Garden na kasisi James Hackman, ambaye alinyongwa siku chache baadaye.

Na ule mkate? Mfaransa Pierre-Jean Grosley aliandika kwamba waziri mmoja aliula mezani pa kamari ili asikatize mchezo. Mwanahistoria N. A. M. Rodger anaona yaelekea zaidi aliula akiwa kazini. Kwa mtu aliyetegemea ofisi kuishi, maelezo ya Rodger yana uzito zaidi.