Udongo wa Dakar katika Kijiji cha Chasselay

Basi lilinishusha Chasselay saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, kisha likaondoka bila abiria hata mmoja. Nilikuwa nimeishi Lyon mwaka mzima kabla ya kufika hapo. Naona aibu kidogo kulikiri hilo, maana kijiji kiko kilomita 20 hivi tu kaskazini mwa jiji, nami nasomea uzamili wa historia na nilikwisha kuandika insha mbili za darasani kuhusu askari Waafrika katika Vita Kuu ya Pili. Zote mbili niliziandikia maktaba, kikombe cha kahawa pembeni.

Kijiji chenyewe kimetulia mno. Kanisa, duka la mikate, nyumba za mawe ya rangi ya manjano iliyopauka, paka juu ya ukuta. Nikiwa mtoto wa Tabora niliyezoea stendi na kelele za bodaboda, ukimya wa namna hiyo hunifanya nihisi nimekosea siku. Niliingia dukani, nikanunua mkate nisiouhitaji ili nipate sababu ya kuuliza njia. Mama aliyekuwa akiuza hakusubiri nimalize sentensi. Alinitazama usoni, akasema, "Unakwenda Tata." Akanielekeza: toka nje ya kijiji, ufuate barabara katikati ya mashamba, utaona wekundu.

Na kweli nikauona. Katikati ya mashamba, mahali ambapo macho yanategemea ghala la mkulima au nyumba ya mapumziko ya tajiri wa Lyon, umesimama ukuta mwekundu wa rangi ya udongo, wenye vinara vya piramidi vilivyochomekwa vijiti kama majengo ya udongo ya Mali. Mlango una nakshi za vinyago. Tata ni neno la Afrika Magharibi, maana yake boma, ngome iliyozungushiwa ukuta. Ndani mna makaburi 196. Karibu yote ni ya askari walioitwa tirailleurs sénégalais, ingawa wengi wao hawakuwa Wasenegali. Kikosi hicho kilianzishwa Senegal mwaka 1857, jina likabaki, na waliosajiliwa baadaye wakatoka Guinea, Mali, Burkina Faso, Ivory Coast na kwingineko ambako Ufaransa ilitawala.

Walifia hapa katika siku ambazo vita, kwa wengi, vilikuwa vimekwisha. Ndilo jambo lililonisumbua zaidi kila nilipousoma mfuatano wa tarehe. Paris iliangukia mikononi mwa Wajerumani tarehe 14 Juni 1940. Tarehe 17, Marshal Pétain aliwaambia Wafaransa redioni kwamba sharti mapigano yakome. Tarehe 18, Lyon ikatangazwa kuwa mji wazi, yaani mji ambao hautapiganiwa, ili usibomolewe. Lakini vikosi vilivyokuwa vimepangwa kwenye barabara za kaskazini mwa jiji vilibaki na amri ya kushikilia nafasi zao. Miongoni mwao kilikuwamo Kikosi cha 25 cha tirailleurs. Wajerumani walikuja kutoka upande wa Mâcon asubuhi ya tarehe 19, hawakutarajia kupigwa risasi, wakapigwa. Mapigano yalianzia kwenye nyumba ya watawa ya Montluzin, na kesho yake yakaishia Chasselay.

Jiji lilisalimika. Daraja ninalovuka kila siku kwenda chuoni, maghorofa ya kando ya mto, maktaba ile yenye joto, hakuna kilichopiganiwa. Waliopigana walikuwa nje, mashambani, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona Lyon.

Tarehe 20, risasi zilipowaishia, waliobaki walijisalimisha. Wajerumani wakawatenga: mateka weupe huku, mateka weusi kule. Wale weusi, kama 50 hivi, walipelekwa kwenye uwanja wa wazi, mahali panapoitwa Vide-Sac, mbele ya vifaru. Bunduki za rashasha za vifaru zikawafyatulia. Baadhi walikanyagwa na vifaru hivyohivyo.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kazi hiyo ilifanywa na SS. Dhana hiyo inafariji kwa namna yake, kwa sababu SS ni kama shetani wa hadithi: tukisema ni wao, hatuna haja ya kuuliza zaidi. Kisha mwaka 2019 mkusanyaji mmoja wa Kifaransa alinunua albamu ya zamani ya picha zilizopigwa na askari wa Kijerumani. Ndani yake zilikuwamo picha chache za uwanja ule. Vifaru vimejipanga, watu wanakimbia, kisha watu wamelala. Mwanahistoria Julien Fargettas, ambaye ameandika kitabu kizima kuhusu siku hizo mbili, alizichunguza pamoja na mkusanyaji huyo, na ikaonekana kwamba waliofyatua walikuwa askari wa jeshi la kawaida. Mmoja wao akatoa kamera mfukoni. Baadaye akazibandika picha hizo kwenye albamu, kama mtu anavyobandika za harusi.

Mauaji ya namna hii hayakutokea Chasselay peke yake. Mwanahistoria Raffael Scheck anakadiria kwamba jeshi la Ujerumani liliwaua mateka weusi kati ya 1,500 na 3,000 katika wiki chache za Mei na Juni 1940. Chuki hiyo ilikuwa imeandaliwa muda mrefu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ufaransa iliweka askari Waafrika miongoni mwa majeshi yaliyokalia eneo la mto Rhine, na magazeti ya Ujerumani yakaanzisha kampeni waliyoiita "Aibu Nyeusi": katuni, vipeperushi, hata medali, zikimchora Mwafrika kama mnyama anayewinda wanawake wa Kijerumani. Kijana aliyeendesha kifaru mwaka 1940 alikua akiziona picha hizo. Mwaka 1937 watoto mia kadhaa waliozaliwa na baba Waafrika na Waasia na mama wa Kijerumani walihasiwa kwa siri. Kwa hiyo uwanja wa Vide-Sac haukuwa hasira ya ghafla ya watu waliopoteza wenzao vitani.

Nilizunguka makaburi polepole. Sikuwa na maua. Nilikuwa na mkate.

Nimekuja na swali, nami lazima niliseme hapa kwa sababu ndilo lililonitoa maktaba. Boma hili zuri lilijengwa na nani, na kwa nini? Aliyelisimamia anaitwa Jean Marchiani, ofisa wa idara ya wapiganaji wa zamani na walemavu wa vita katika mkoa wa Rhône. Maiti zilikuwa zimetawanyika, nyingine zimefukiwa kando ya barabara, nyingine kwenye makaburi ya vijiji jirani. Marchiani alizitafuta, akazikusanya, akapata kiwanja karibu na pale walipouawa, akataka wazikwe ndani ya kitu ambacho wao wenyewe wangekitambua. Udongo uliletwa kwa ndege kutoka Dakar ukachanganywa na udongo wa Chasselay. Ukisikia habari hiyo mara ya kwanza, moyo unalainika. Wangu ulilainika.

Ila boma lilizinduliwa tarehe 8 Novemba 1942, chini ya serikali ya Vichy, serikali ileile iliyoshirikiana na Hitler na iliyokuwa inawakabidhi Wayahudi kwake. Vichy ilihitaji makoloni yake yabaki tiifu, na maziko ya heshima kwa Mwafrika aliyekufa kwa ajili ya Ufaransa yalikuwa tangazo zuri la utiifu huo. Siku hiyohiyo ya uzinduzi, Waingereza na Wamarekani waliteremka Morocco na Algeria. Siku tatu baadaye Wajerumani wakaingia kusini mwa Ufaransa, na Lyon nayo ikakaliwa. Boma lilibaki limesimama katika nchi iliyokaliwa na jeshi lilelile lililowaua waliolala ndani yake.

Kwenye rasimu yangu ya kwanza ya tasnifu niliandika kwamba Tata ni propaganda ya kikoloni. Sentensi ilikuwa safi na niliipenda. Nilipokuwa pale nikiangalia jinsi safu zilivyonyooshwa, niliona kwamba sentensi ile haina mahali pa kumweka mtu aliyekwenda kijiji kwa kijiji kuuliza, "Hapa mmezika Waafrika wangapi?" Nia ya serikali naijua kutoka kwenye nyaraka. Bado naamini ilikuwa propaganda. Ila bila mtu yule, wafu hawa wangebaki kando ya barabara, na mimi nisingekuwa na mahali pa kushuka basi.

Na ufaransa huohuo wa heshima, miaka miwili baada ya uzinduzi, tarehe 1 Desemba 1944, uliwafyatulia risasi tirailleurs waliorudi kutoka kwenye kambi za mateka na kudai mishahara yao huko Thiaroye, karibu na Dakar. Udongo wa Dakar ulisafirishwa kuja kuwafunika wafu hapa, na walio hai wakauawa kule. Sina namna ya kuyapatanisha mambo hayo mawili na sidhani kama kazi yangu ni kuyapatanisha.

Kwenye mawe mengi yako majina. Kwenye makumi mengine liko neno moja tu, Inconnu, asiyejulikana. Mwaka 2022 majina ya askari 25 yaliwekwa kwenye ubao, matunda ya utafiti wa muda mrefu kwenye nyaraka, na kuna wanaobishana kama majina yote ni sahihi. Ubishi huo si wa ajabu kwa anayejua jinsi majina yalivyoandikwa. Karani aliandika alivyosikia. Jina moja lingeweza kupata tahajia tatu, jina la ukoo likakaa mahali pa jina la mtu.

Hapa nina ushahidi wa nyumbani. Baba yake babu yangu alikwenda Burma na keya, kama wazee wanavyoliita jeshi la KAR. Siku ya kujiandikisha karani alimwuliza jina, yeye akadhani anaulizwa ametoka wapi, akataja kijiji. Ndivyo hadithi inavyosimuliwa kwetu. Alirudi hai, akiwa na kitambulisho chenye jina la kijiji, na tangu hapo ukoo mzima unaitwa hivyo. Jina lililo kwenye pasipoti yangu, lililo kwenye mlango wa chumba changu hapa Lyon, ni kosa la karani. Kama angefia Burma, nani angemtafuta kwa jina hilo?

Na yeye alikuwa na bahati. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, waliotuachia jina la Kariakoo, wengi wao hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nimepita mara ngapi kwenye sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, nikigombana na kondakta kuhusu chenji? Sanamu ile imesimama tangu 1927 ikiwakumbuka askari na wapagazi wote kwa pamoja. Haina jina hata moja.

Nilikaa karibu na ukuta nikampigia bibi kwa WhatsApp. Yeye ni mkwe wa yule mzee wa Burma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Uko wapi huko kwekundu?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza kwa kifupi, nikiruka habari ya vifaru. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Umewasalimia?"

Nikasema sijui lugha zao.

"Basi wasomee majina yao. Mtu akisikia jina lake anajua ameitwa."

Nikaanza safu ya kwanza kushoto, simu mkononi, nikisoma kwa sauti majina ambayo sijui kama nayatamka sawasawa. Kila nilipokosea niliendelea tu. Nilipofika kwenye Inconnu ya kwanza nikapita kwenda jiwe la pili.

"Umeruka," bibi akasema.

"Huyu hana jina, bibi. Wameandika hajulikani."

"Nimekuona umeruka. Rudi."

Nikarudi. Nilisoma neno lile kama jina, kisha la jirani yake, kisha safu ya pili, mpaka chaji ya simu ikabaki asilimia tatu na bibi akasema anakwenda kuangalia maharage jikoni. Nilikuwa nimefika safu ya nne. Basi la kurudi mjini lilikuwa bado saa moja na nusu, na mkate ulikuwa haujaguswa.