Jina la ordinateri yako: sababu gani linajibu ku nyumba na linanyamaza ukiwa mbali?

Tuchukue mfano wa mwenye duka wa Katuba. Ordinateri yenye madeni na fakture za wateja inabaki ku nyumba, na yeye anaenda katikati ya mji na ordinateri ya pili. Jana, akiwa ku nyumba, aliandika tu jina « duka.local » na fishie zikafunguka. Leo VPN imewaka vizuri, lakini jina halijibu. Mteja anangoja fakture yake. Shida iko wapi?

Ordinateri hazijuane kwa majina, zinajuana kwa nimero, mfano 192.168.1.20. Modemu njo inagawa nimero hizo mu nyumba. SNEL ikikata umeme na kuurudisha, modemu inaweza kugawa nimero zingine. Njo maana watu wanapenda kutumia jina.

Ku nyumba: kuita kwa sauti

Ukiandika « duka.local », ordinateri yako inauliza mashini zote za rezo ile: nani anaitwa duka? Mwenyewe anajibu na nimero yake. Ni kama kuita mutu mu parsele, wote wanasikia. Utaratibu huu unaitwa mDNS, na kanuni zake zilitangazwa mwaka 2013.

Kwa VPN: sauti haivuke

VPN nyingi zinapitisha ujumbe wenye adresi kamili, hazipitishe sauti ya kuita kila mutu. DNS, kitabu cha majina cha intaneti kilichobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, nayo haiwezi kusaidia: ile ya kampuni ya simu haijue « duka » yako.

Tusichanganye pia VPN mbili. Ile watu walitafuta mwanzoni mwa 2025, wakati X na TikTok zilikuwa hazifunguke mu inchi, inakutoa nje tu, haikurudishe ku nyumba. Ya kukurudisha ni ile unayojipangia, kama WireGuard ao OpenVPN. Na juu modemu ya kadi SIM mara nyingi haina adresi yake yenyewe ku intaneti, inafaa kuwe serveri katikati, ordinateri zote mbili ziunganike nayo.

Ya kufanya

1. Tafuta nimero ambayo VPN ilipatia ordinateri ya nyumba, mfano 10.8.0.6. Andika « ping 10.8.0.6 ». Ikijibu, njia ni nzima, jina njo lina shida. Isipojibu, usiguse majina kwanza: angalia kama ordinateri ya nyumba imewaka na ina intaneti.

2. Ku ordinateri unayobeba, fungua fishie inayoitwa « hosts » kwa ruhusa ya msimamizi. Ku Windows iko mu C:\Windows\System32\drivers\etc, ku Linux na Mac ni /etc/hosts. Ongeza mustari mumoja: 10.8.0.6 duka-vpn. Kuanzia hapo, ita « duka-vpn ». Hakikisha nimero hiyo imefungwa mu VPN ili isibadilike.

3. Kama mashini ni nyingi, weka DNS mu serveri ya VPN. Hapo unaandika majina mara moja tu, kwa wote.

Mitego miwili

Kama rezo ya nyumba na ya kazi zote ni 192.168.1, ordinateri itatafuta nimero ya nyumba pale pale ku kazi. Badilisha ya nyumba, mfano 192.168.47.

Pili, ku wifi ya watu wote, mashini yoyote inaweza kujibu « duka.local ni mimi ». Ukiandika neno la siri, umeliacha kwa mwizi. Ukiwa nje ya nyumba, washa VPN kwanza, kisha tumia « duka-vpn » ao nimero yake tu.