Chuo cha akiba: namna ya kuchagua chuo kikuu ambacho familia italipa mpaka mwisho

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali (Exetat) yakitoka, vijana wengi wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri na Maniema wanaweka tumaini lote ku chuo kimoja tu. Chuo kikiwakatalia, ao familia ikikosa makuta katikati ya mwaka, masomo yanasimama. Ndiyo sababu inafaa kuwa na chuo cha akiba, pembeni ya kile mwanafunzi anachotamani zaidi.

Chuo cha akiba kinatimiza mambo matatu pamoja: kitapokea mwanafunzi bila shaka, familia inaweza kukilipa mpaka mwaka wa mwisho, na diploma yake inatambuliwa na Serikali. Kikikosa jambo moja, hiyo si akiba tena.

Kupokelewa bila shaka

Mwenye diploma ya Serikali anaanzia ku asilimia 50. Lakini kuwa na diploma hakufungui milango yote. Fakulte kama uganga ao politekniki mara nyingi zinaomba asilimia ya juu zaidi, ao zinapanga konkuru. Kijana mwenye 54 anaweza kuomba uganga, hakuna mtu wa kumuzuia. Lakini kama chuo chake cha pili pia kina konkuru, bado hana akiba. Ana ndoto mbili. Afazali kuuliza ku ofisi ya aparitora, mbele ya kulipa fishi, masharti ya mwaka huo ni gani. Makuta ya fishi na ya kujiandikisha mara nyingi hayarudishwi.

Kuhesabia miaka yote

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD ulienezwa katika vyuo vya inchi: lisansi ni miaka 3, masta miaka 2. Uganga unachukua miaka mingi zaidi. Kwa hiyo swali la mzazi lisiwe tu « mwaka wa kwanza ni bei gani? »

Mfano wa hesabu: chuo kimoja kiko mbali, kinaomba dola 250 kwa mwaka. Nyumba ni dola 30 kwa mwezi na chakula dola 40, kwa miezi 10. Jumla ni dola 950. Chuo kingine kiko mu mji wa nyumbani, kinaomba dola 450, na usafiri ni dola 10 kwa mwezi. Jumla ni dola 550, juu mutoto anakula nyumbani. Ku miaka 3, chuo kilichoonekana cha bei ya chini kinapita kingine kwa dola 1 200. Kisha kuna silabusi, staji na memwari, ambavyo havionekani ku karatasi ya minervali.

Vyuo vya Serikali viko karibu

Zamani, wengi walipaswa kwenda mbali, kama Kisangani. Université de Goma na Université officielle de Bukavu zilianza kama matawi ya Université de Kisangani, kisha zikajitegemea mwaka 2004. Bunia na Kindu pia zina vyuo vikuu vya Serikali. Tena kuna taasisi za juu: ISP kwa ualimu, ISTM kwa kazi za afya, ISDR kwa maendeleo ya vijiji, ISC kwa biashara. Wengine wanazizarau, lakini kijana anayependa kazi ya afya na ambaye hakufika ku uganga anaweza kupata njia yake ku ISTM, kama masharti yanamuruhusu.

Vyuo vya binafsi navyo si vya kutupa. Vingine vina jina kubwa, kama Université catholique de Bukavu ao Université catholique du Graben ya Butembo. Lakini malipo yanatofautiana sana, na inafaa kuuliza kama chuo kinapokea malipo kwa awamu.

Diploma yenye kutambuliwa

Chuo cha binafsi kinapaswa kuwa na ruhusa ya Serikali, yaani agrema. Mzazi ana haki ya kuuliza namba ya arete na kuangalia kama fakulte ile mutoto anataka imo ndani. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa kwa fakulte moja na kukosa kwa ingine. Bei ndogo yenye kuleta karatasi isiyokubaliwa ku kazi ni hasara kubwa.

Barabara na benki

Mwanzoni mwa 2025, vita ilipofika Goma kisha Bukavu, mabenki yalifunga milango. Familia zilizokuwa na watoto mbali ziliona namna makuta yanaweza kukwama. Kwa hiyo kuna swali lingine: barabara ikikatwa, mwanafunzi ataishi wapi, na atapata chakula kwa nani? Chuo ambacho kiko mu mji wenye ndugu wa familia kinaweza kuwa akiba nzuri kuliko chuo chenye jina kubwa.

Mbele ya kuamua, mzazi na mutoto wakae pamoja na karatasi moja: asilimia za Exetat, malipo ya miaka yote, arete ya chuo, na jina la mtu atakayelipa kila awamu. Kama sehemu ya jina hilo imebaki wazi, chuo hicho bado si cha akiba.