Lubaina Himid

Lubaina Himid (alizaliwa Zanzibar, 1954) ni mchoraji wa Uingereza mwenye asili ya Zanzibar. Anajulikana kwa picha zinazohusu historia ya watu weusi na kwa kutumia kanga na nakshi za vitambaa katika kazi zake. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuishinda.

Maisha

Baba yake alifariki kwa malaria Lubaina akiwa na umri wa miezi minne. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, alirudi naye Uingereza na kumzoesha tangu utotoni kutazama rangi na nakshi za nguo. Himid alisomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, London, kisha akapata shahada ya uzamili katika Royal College of Art mwaka 1984. Alirudi Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Alikuwa pia profesa katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, mjini Preston.

Kanga katika kazi zake

Kanga, inayovaliwa kuanzia pwani hadi mikoa ya bara kama Manyara, ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Kwa jina hilo mvaaji huweza kumfikishia jirani au mke mwenza ujumbe bila kufungua kinywa.

Himid aliuchukua mpangilio huo katika uchoraji. Mfano ni mfululizo wa picha uitwao "Kangas from the Lost Sample Book". Mwaka 2018, katika maonyesho yaliyofanyika Baltic, mjini Gateshead, alitundika vitambaa vilivyochorwa kwa mtindo wa kanga mithili ya bendera, vikiwa na maneno ya waandishi weusi kama James Baldwin na Audre Lorde.

Historia ya pamba

Kazi yake "Cotton.com" (2002) ina picha nyingi ndogo za nakshi nyeusi na nyeupe. Inawaza mazungumzo kati ya watumwa waliochuma pamba Marekani na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Manchester walioisokota. Watu hao hawakuwahi kuonana, bali waliunganishwa na pamba ileile. Hivyo kwa Himid nakshi si pambo tu: kama jina la kanga, hubeba maneno ya wasiopewa nafasi ya kusema.